Bibi Harusi Aliyegeuza Shingo

Watu wa Orlesby, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, wana bahari mlangoni mwao, na hawajivunii. Bahari ni ya kila mtu, husema. Hata Waholanzi kule ng'ambo wana upande wao. Ziwa ndilo lao peke yao. Limelala nyuma ya tuta la kokoto, refu, jembamba, maji yake yakimfika mtu mzima kiunoni. Mgeni akipinduka na mashua, akaanza kupiga mayowe kwamba anazama, watu walio gatini humjibu kwa sauti moja: "Simama!" Naye husimama, na aibu humlowesha kuliko maji.

Mwenye ziwa hilo, si kwa hati bali kwa mikono, alikuwa Ephraim Garrod. Gati alilirithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi pua. Kila mashua ya kukodi ilipita mikononi mwake ikipakwa lami na rangi wakati wa baridi, ikishushwa majini majani yalipochipua. Na kila Pentekoste, treni ilipowamwaga watoto wa mijini na ndoo zao, yeye ndiye aliyesimama gatini na upondo wake wenye ndoano, akiwaangalia.

Akiwaangalia. Hapo ndipo penye mwiba. Tangu wakati wa baridi, Ephraim alikuwa haoni.

Halikuwa giza. Ilikuwa kama kuitazama dunia kupitia bilauri ya maziwa iliyooshwa vibaya: mwanga upo, vivuli vipo, nyuso zimefutika. Daktari wa Ipswich alimchungulia, akakohoa, akasema hakuna dawa. Ephraim akamshukuru, akapanda treni, akarudi kwake, na asimwambie mtu. Mlinzi wa ziwa asiye na macho ni nini? Ni kizee cha kukalishwa karibu na jiko na kulishwa uji. Aliapa moyoni kwamba atakufa na kasia mkononi kabla hawajamshika kidevu na kijiko chao.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, baada ya ibada, shemeji yake Hetty Cable, dada wa marehemu mkewe, alimwekea kikombe cha chai kwa kishindo. Hetty alikuwa na kibanda cha chai na maandazi pale pale gatini, na ulimi ambao haukuwahi kupoa kama birika lake.

"Shemeji, una roho ya kutu."

"Nimefanya nini tena?"

"Jana, mbele ya duka la mikate. Yule Beryl, mchumba wa mwanao Dennis, amekusalimu, amesimama kabisa, ametabasamu mpaka magego yakaonekana, wewe ukampita kama mlingoti. Kaja kwangu machozi yanamtoka. 'Mama Cable, nimemkosea nini mzee?' Nimjibu nini mtoto wa watu? Nimwambie mume wa dada yangu alizaliwa jiwe?"

Ephraim alipuliza chai yake. Alikumbuka kitu chekundu kimesimama kando ya njia. Aliona wekundu, akadhani ni sanduku la posta. Mtu hasalimii sanduku la posta.

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo! Una wazo moja tu tangu nikujue, nalo ni mashua. Leo unamwonyesha ziwa, Ephraim. Usije ukamgongesha makusudi."

"Sijawahi kumgongesha mtu mimi."

"Na mke wa muuza nyama?"

"Yule aligeuka mwenyewe."

"Aligeuka, na mpaka leo anaitwa Shingo. Wajukuu zake wanaitwa wa Shingo, na wala hawakuwapo. Ndiyo maana nakwambia."

Kuonyeshwa ziwa ni jambo ambalo hakuna anayeingia Orlesby kwa ndoa analikwepa. Mlinzi humpeleka mgeni kwa makasia yake mpaka mlango wa maji, mwisho wa kaskazini. Hapo hubadilishana viti. Kurudi, mgeni ndiye apigaye makasia, na mpiga makasia huipa safari mgongo, haoni aendako. Macho yake ni mwenyeji aliyeketi tezi, nyuma ya mashua. Mwenyeji akisema "bahari", mgeni huelekeza omo, ncha ya mbele ya mashua, upande wa bahari. Akisema "nyumba", upande wa nyumba. Mgeni akifika gatini bila kugeuka hata mara moja, ni mtu wao: siku ya arusi atatoka kanisani chini ya makasia yaliyoinuliwa na kukutanishwa ncha. Akigeuka, kasisi atamfungisha ndoa vilevile, kasisi hana neno. Ila makasia yatabaki bandani, na yeye atabaki mgeni mwenye jina la utani hadi kaburini.

Arusi ya Dennis na Beryl ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Safari ya kwenda haikumtia Ephraim hofu. Kwa nini imtie? Mikono yake ililijua ziwa kama ulimi unavyoyajua meno. Kazi ilikuwa safari ya kurudi. Wiki nzima alikuwa amejiandalia masikio: mawimbi yatavunjika juu ya kokoto mkono wake wa kushoto, kinu cha upepo kitalia mkono wa kulia, na katikati ya sauti hizo mbili ndiyo njia. Kipofu gani angeshindwa? Alijiambia hivyo akifunga vifungo vya sweta, na akajiamini kama jogoo.

Dennis alikuja na mchumba wake, na nyuma yao nusu ya mji, maana Jumapili hakuna kingine cha kutazama. Kijana akamvuta baba yake pembeni.

"Baba, kama humtaki, sema sasa. Usimfanyie hila kule majini."

"Nani kasema simtaki?"

"Tangu aje hujamtazama usoni hata mara moja. Hata mimi nimeona."

Ephraim alihisi maneno hayo yakimwingia ubavuni. "Mlete mashuani," alisema tu.

Wakaondoka. Makasia yalizama na kuinuka bila kurusha tone, na watu wa gatini wakaguna kwa kuridhika, kama wasikiao wimbo wanaoujua. Beryl aliketi tezi, magoti yamebanwa, koti lake jekundu limefungwa hadi shingoni. Alikuwa msichana wa mjini Leicester, wa kiwanda cha soksi, na hajawahi kupanda kitu kinachoelea. Kwa Ephraim alikuwa doa jekundu lenye sauti.

"Mzee, pale pana nini? Pale penye matete."

"Mdomo wa Mkunga. Mikunga, wale samaki kama nyoka, hulala pale."

"Na kile kisiwa?"

"Kwa Wajane. Zamani walikuja wajane watatu kuvua, wakagombana, kila mmoja akakata kona yake. Mpaka leo hakuna samaki anayejua aende kwa nani."

Beryl alicheka. Kilikuwa kicheko kizito, cha chini, kisichofanana na sauti yake nyembamba, na Ephraim alishangaa kwamba kilimpendeza. Akamwonyesha zaidi. Akamwambia mahali ambapo barafu hushika kwanza, na mti ambao mkewe alipenda kufungia mashua ili asome bila kusumbuliwa. Alikuwa hajautaja mti huo kwa mtu tangu amzike.

"Dennis hajaniambia habari za huo mti," Beryl alisema polepole.

"Dennis haujui."

Kisha msichana akajikaza.

"Mzee, kama kuna jambo nimekukosea, niambie. Mimi sina baba. Nilifikiri labda... Basi. Niambie tu, nitajirekebisha."

Ephraim alivuta makasia mara mbili tatu. Ukweli ulimpanda mpaka kooni, ukagonga meno, ukarudi.

"Hujanikosea kitu, binti," alisema. "Tumefika. Badili kiti. Nyanyuka chini chini, usisimame kama mnara wa kanisa."

Walipobadilishana, mashua ikiyumba na Beryl akilitaja jina la Mungu kwa njia ambayo kasisi asingeipenda, Ephraim aliketi tezi, akatega masikio.

Hapakuwa na sauti. Upepo ulikuwa umekufa wakiwa safarini. Bahari nyuma ya tuta ilikuwa shwari kama supu iliyopoa. Haikugusa hata kokoto moja. Kinu kilikuwa kimesimama. Dunia nzima ilikuwa maziwa matupu, bila kushoto, bila kulia.

"Tayari?" Beryl aliuliza.

"Tayari," Ephraim alisema, maana kiburi hujibu kabla ya mwenyewe.

Akaamua kulifuata ziwa kwa kumbukumbu. Alijua kutoka mlango wa maji mpaka Kwa Wajane ni mivuto mingapi, alijua pa kukunja na pa kunyoosha. Lakini kosa lake lilikuwa hilo hilo, na ni kosa ambalo mtu wa Orlesby pekee angelifanya: alilijua ziwa kwa mikono yake mwenyewe, na sasa lilikuwa katika mikono ya msichana wa soksi. Mvuto wake mmoja ulikuwa robo ya mvuto wa Ephraim, na mara kasia la kulia lilikamata hewa, mara la kushoto likachota maji na kuyamwaga magotini mwa mzee.

"Nyumba," Ephraim alisema. "Nyumba kidogo. Sasa bahari. Bahari, bahari."

Beryl alitii. Hakugeuka. Shingo yake aliikaza kama amemeza fimbo.

Mashua ikapanda juu ya kitu laini, ikapasua matete, ikakwama. Pakalipuka mlio wa hasira, mbawa zikapiga hewa kama mashuka yanayokung'utwa. Walikuwa wameingia katika kiota cha bata maji, na dume lilikuwa linakuja, shingo imenyooka mbele kama mkuki.

"Usigeuke!" Ephraim alinguruma. Akainuka nusu, akashika upondo, akaupeleka kwa nguvu na heshima zake zote upande wa bahari.

Bata alikuwa upande wa nyumba.

Beryl ndiye aliyemfukuza, kwa kumpigia makofi na kumtukana matusi ya kiwandani. Dume lilirudi nyuma, likabaki likifoka. Ephraim aliketi tena, upondo magotini, kifua kikipanda na kushuka. Msichana alikuwa anamtazama. Kisha akafanya jambo la ajabu: akamtolea mzee ulimi. Akaugeuza mdomo, akayatumbua macho kama chura aliyekanyagwa, akajivuta masikio yote mawili.

"Shika makasia," Ephraim alisema kwa utulivu mkubwa. "Turudi nyuma kidogo, halafu bahari."

"Mzee," Beryl alisema. "Nimekutolea ulimi. Nimekufanyia sura ambayo mama yangu angenichapa kwa ajili yake. Hujasema kitu."

Bata alifoka. Maji yalitulia. Ephraim alikitazama kivuli chekundu kilichokuwa mbele yake.

"Tangu lini?" aliuliza msichana.

"Tangu baridi."

"Dennis anajua?"

"Ukimwambia nita..."

"Utanifanya nini? Utanipiga na upondo? Utampiga yule bata."

Ephraim aliupangusa upondo tope kwa kiganja.

"Na jana, mbele ya duka la mikate?"

"Nilidhani wewe ni sanduku la posta."

Kile kicheko kizito kikaanza, kikaitikisa mashua mpaka matete yakaitika. Na katikati yake kikavunjika, kikageuka kilio kifupi, akajifuta kwa kiganja.

"Usiku kucha nimelia kwa ajili ya sanduku la posta," alisema. "Nilidhani unanichukia."

"Sikuchukii. Sikuoni. Ni mambo mawili tofauti."

"Ungesema."

"Nikisema, wananitoa gatini."

Beryl alifikiri. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya upole, na kwa hiyo ilikata zaidi.

"Na watoto wa Pentekoste? Mmoja akianguka?"

"Maji ni ya kiunoni."

"Kiunoni mwa nani, mzee?"

Hiyo ndiyo sentensi aliyoikimbia Ephraim miezi yote hiyo, akiikwepa kitandani, akiikwepa kanisani. Na sasa ilikuwa imeketi naye katika mashua moja, wala hapakuwa na pa kukimbilia.

"Sitamwambia mtu," Beryl alisema. "Siri ni yako. Habari za watoto zungumza na nafsi yako. Lakini kutoka hapa nitaangalia mbele mwenyewe, la sivyo tutalala na huyu bata."

"Hapana! Wanakuona kutoka gatini. Watakuita Shingo."

"Kiwandani wananiita Mguu wa Kuku. Itakuwa nimepanda cheo."

"Hawatakuinulia makasia Jumamosi. Hujui, binti. Watu hawa hawasahau."

"Naolewa na Dennis, mzee, siolewi na makasia."

Alisema hivyo, lakini Ephraim alikuwa na masikio, tena makali kuliko zamani. Alisikia jinsi sauti ilivyotetemeka penye neno la mwisho.

Beryl akaitoa mashua matopeni, akageuza shingo wazi wazi mbele ya Mungu na watu, akapiga makasia. Kila baada ya mivuto michache aligeuka tena. Kelele zikaanza kuwafikia mbali kabla ya gati.

"Kageuka! Kageuka yule!"

"Shingo wa pili! Mke wa muuza nyama kapata mwenzake!"

"Leicester hakuna nyuma na mbele?"

Hawakuwa watu wabaya. Wangemkopesha paa la nyumba mtu aliyepigwa na tufani. Ila mzaha ulikuwa wao, na msichana hakuwa wao, na kwa kelele zao walikuwa wanamfungia mlango kwa furaha. Dennis peke yake hakucheka. Aliikamata kamba, akamtazama baba yake kwa jicho ambalo ni afadhali mzee hakuliona.

Beryl alipanda gatini, akajaribu kutabasamu.

"Niliogopa," aliwaambia watu. "Mzee ameniongoza vizuri. Mimi ndiye niliyeogopa."

"Pole, mwanangu," Hetty alisema, na hata yeye sauti yake ilikuwa ya mtu anayempa mgeni pole, si jamaa.

Ephraim alikuwa bado mashuani. Alisikia uongo ule ukisemwa kwa ajili yake, safi, bila kutafuna maneno, na msichana ambaye uso wake hakuujua. Alikuwa mtu mwenye kiburi, na sitaki mtu amdharau kwa hilo, kiburi kimeyashikilia magati mengi. Lakini kuna kiburi cha kusimama kwa miguu yako, na kuna cha kusimama juu ya mgongo wa mwingine. Alishika ngazi, akapanda, akaugonga upondo kwenye mbao mpaka bata wakaruka.

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza.

"Nyamazeni hivyo hivyo. Mtu asifungue kinywa." Akanyoosha kidole mbele yake, hatua moja tu kutoka kifuani mwake. "Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa alikataza, na kwa kuwa swali lenyewe liliwatia baridi. Aliyesimama hapo alikuwa Dennis.

"Simjui," Ephraim alisema. "Mnaona? Simjui ni nani. Msichana hakuogopa. Amegeuka kwa sababu aliyeketi tezi hakuwa na macho. Nilimwingiza kwenye kiota cha bata, akanitoa. Mnaotaka kucheka, nichekeni mimi, niko hapa."

"Ni mimi, baba," Dennis alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

Mkono wa Ephraim ulimtafuta, ukampata begani. Kisha akamtia upondo mikononi.

"Shika. Pentekoste wanakuja watoto. Maji ni ya kiunoni kwa watu wazima tu. Utasimama hapa mpaka wapate mtu mwenye macho, na usiondoke hata kwenda kukojoa."

Hetty alikuwa wa kwanza kupata ulimi wake, kama kawaida. Alilia na kugomba kwa pumzi moja. Tangu baridi! Tangu baridi anamwekea kikombe mezani, naye anakitafuta kwa vidole, na yeye mjinga akidhani ni uzee! Muuza mikate akasema desturi ni desturi, aliyegeuka amegeuka. Hetty akamgeukia.

"Desturi inasema mgeni ayaamini macho ya mwenyeji. Mwenyeji hana macho. Ulitaka aamini nini, ndevu zake?"

Wakaanza kubishana, gati zima, kwa raha, na polepole ubishi ukaelemea upande mmoja, mpaka muuza mikate mwenyewe akasema kasia lake ni refu kuliko ya wengine wote na ole wake atakayelipanga nyuma Jumamosi.

Ephraim hakuwasikiliza. Mikono yake, bila upondo, ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi. Aliiweka mfukoni, akaitoa. Akasikia hatua nyepesi zikija ubavuni mwake, harufu ya matope na koti lililolowa.

"Pole, mzee."

"Mwanangu," alisema, "una sura gani?"

"Mimi?"

"Nimepigiwa makasia na mtu nisiyemjua. Si adabu."

Beryl alijichunguza kidogo, kama mtu anayeulizwa njia katika mji wake.

"Pua ndefu," alisema. "Meno ya mbele yameachana, penzi linaweza kupita katikati. Madoadoa mashavuni. Nywele za rangi ya chai ya Mama Cable, ile ya jioni iliyokwisha kutiwa maji."

"Pua ni ndefu kweli!" Hetty alipaza sauti kutoka kibandani. "Hajakudanganya!"

"Na sasa hivi?" Ephraim aliuliza. "Sasa hivi inafanya nini hiyo sura?"

Alisubiri jibu. Beryl aliuchukua mkono wake mtupu, wenye sugu za makasia, akauweka shavuni pake, ili ujionee wenyewe.